Shajara ya mradi: vizimba vya kuwachangamsha panya wenye dalili za usonji

Nafungua shajara hii kwa sababu niliitafuta ya namna yake nikaikosa. Makala za kitaalamu husema "panya waliwekwa kwenye mazingira yaliyoboreshwa" katika sentensi moja, kisha zinarukia matokeo. Haziandiki ni bomba lipi liliharibika, nani alimng'ata nani, wala hela ya kununua vifaa mara ya pili ilitoka wapi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mzaliwa wa Morogoro, na maabara yetu iko kaskazini mashariki mwa Marekani. Hatua zilizokwenda sawa nimezibana. Anayetaka kuiga kazi hii asome makosa kwanza.

14 Januari: Wazo na manunuzi ya kwanza

Wazo ni la zamani. Mwaka 1947 Donald Hebb wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliripoti kwamba panya aliowalea nyumbani kwake walitatua mafumbo vizuri kuliko wenzao waliokulia kwenye vizimba vya maabara. Miaka ya 1960 kundi la Berkeley, Mark Rosenzweig na Marian Diamond wakiwemo, likaonyesha kwamba gamba la ubongo la panya waliokaa na wenzao pamoja na vitu vya kuchezea lilikuwa nene zaidi. Mwaka 1997 Gerd Kempermann, Georg Kuhn na Fred Gage wakakuta panya wa jamii ndogo (mouse) waliokaa kwenye mazingira ya namna hiyo wana seli mpya nyingi zaidi za neva kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu.

Baadaye swali likahamia kwenye usonji. Mwaka 2005 Leonardo Restivo na wenzake walifanya kazi na panya walionyimwa jeni ya Fmr1, ile ambayo kwa binadamu ikizimika huleta ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), ambao mara nyingi huambatana na dalili za usonji, na wakaona baadhi ya tabia zao zinarudi karibu na kawaida baada ya kulelewa kwenye kizimba chenye vitu. Mwaka 2006 Tomasz Schneider na wenzake huko Kraków, Polandi, wakaona jambo linalofanana na hilo kwa panya wa jamii kubwa (rat) ambao mama zao, wakiwa na mimba, walipewa asidi ya valproiki, dawa ya kifafa inayohusishwa na usonji kwa watoto wanaozaliwa.

Sisi tunatumia aina iitwayo BTBR. Panya hawa huzaliwa bila lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, hawavutiwi sana na panya mgeni, na hujilamba na kujisugua kupita kiasi. Wa kulinganisha nao ni C57BL/6J, ambao humu nitawaita "weusi". BTBR ni weusi mgongoni na hudhurungi tumboni, kwa hiyo hata mgeni atawatofautisha akimgeuza panya. Aina zote mbili tunaagiza kutoka Jackson Laboratory, Bar Harbor, Maine.

Jaribio la awali: madume 32, yaani BTBR 16 na weusi 16, wanne wanne ndani ya vizimba 8. Nusu wanakaa kwenye vizimba vya kawaida: maranda kidogo chini, chakula, maji, basi. Nusu wanakaa kwenye vizimba vikubwa vilivyotengenezewa panya wa jamii kubwa, vyenye mabomba, ngazi, gurudumu, vijumba na vitu vinavyobadilishwa mara mbili kwa wiki. Kwenye daftari nimeviita vikubwa "Masaki", mtaa wa matajiri Dar es Salaam, na vya kawaida "Manzese", mtaa wa walalahoi wa jiji hilo hilo. Nilidhani nimechekesha. Utani huo utanigharimu, ila siku hiyo sikujua.

Nimetumia dola 63 kwa mabomba ya plastiki ya mafundi bomba, ngazi za ndege wa kufugwa na kamba.

29 Januari: Mabomba yamenyong'onyea

Kila kinachoingia chumba cha panya lazima kipitie otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa nyuzijoto 121. Mabomba niliyonunua ni ya PVC. PVC huanza kulegea hata kabla maji hayajachemka, na mimi nilisoma kemia. Nilipofungua mlango nilikuta mabomba 12 yamelala kama ndizi zilizoiva mno, mengine yameshikana. Fundi wa otoklevu hakusema neno, alinikabidhi tu kikwarulio.

Suluhisho: mabomba ya polikaboneti, ambayo yanavumilia joto hilo. Nilichukua ya rangi nyekundu kwa makusudi. Panya haoni vizuri mwanga mwekundu, hivyo ndani ya bomba jekundu yeye anajiona yuko gizani huku mimi namwona. 12 kwa dola 9 ni dola 108.

Ngazi za mbao nazo zimekataliwa na daktari wa mifugo wa maabara, na amefanya vizuri. Zilikuwa za msonobari. Mafuta ya misonobari na mierezi huamsha vimeng'enya vya ini la panya, na ukimpa dawa baadaye hutajua unapima dawa au unapima ngazi. Nimebadilisha kwa mti wa aspeni, na maranda pia ni ya aspeni. Fundi seremala wa karakana ya chuo alinikatia vipande bure.

11 Februari: Panya wamefika, na mikono yangu imefundishwa adabu

Wamefika wakiwa na wiki tatu na nusu. Tumewapa wiki moja ya kupumzika kutoka safarini. Hakuna cha kusimulia hapo, ila jambo moja.

Tangu nianze kazi hii nimekuwa nikimwinua panya kwa mkia, kama tulivyofundishwa wote. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia huwa na hofu zaidi kuliko anayeingia mwenyewe kwenye bomba ukambeba nalo. Sasa fikiria: Masaki wana mabomba, Manzese hawana. Nikiwabeba Masaki kwa bomba na Manzese kwa mkia, nikaja kusema kizimba kizuri kimeondoa woga, nitakuwa nimepima mkono wangu.

Kwa hiyo kila kizimba, hata cha kawaida, kimepata bomba moja la kubebea. Ndiyo mara ya kwanza kitu kutoka Masaki kuhamia Manzese.

Tumekubaliana pia nani anaingia chumbani. Kundi la Jeffrey Mogil kule McGill liliripoti mwaka 2014 kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa, inatosha kuwatia panya msongo. Mimi ni mwanamume, siwezi kujibadilisha. Lakini naweza kuwa mtu yule yule, saa ile ile, kila siku. Ukaribishaji wa wageni chumbani umekoma.

20 Februari: Simu ya shangazi

Hii si hatua ya mradi, ila naiandika kwa sababu imebadilisha namna ninavyoueleza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unafuga panya huko. Wale buku wa Sokoine?"

Nikamweleza kuwa hapana. Buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine hunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni wakubwa na wana kazi ya maana. Wangu wanaenea kwenye kiganja. Mjukuu wake ana usonji, miaka sita, na mama yake kamwambia mimi nafanya utafiti wa michezo inayoponya.

"Kwa hiyo nimnunulie midoli gani?"

Nilikaa kimya kidogo. Panya hana usonji. Usonji ni wa binadamu, na daktari huutambua kwa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyorudiarudia mambo. Panya wangu wana tabia mbili tatu zinazofanana na hizo kwa nje. Nilimwambia pia kuwa Cynthia Woo na Michael Leon wa California, Irvine, walijaribu mwaka 2013 kitu cha jamaa hii kwa watoto wa kiume 28 wa miaka 3 hadi 12: harufu, maji ya baridi na ya moto, kutembea juu ya vitu vya migusano mbalimbali, kila siku nyumbani na mzazi. Walioongezewa mazoezi hayo walipata nafuu zaidi. Ila watoto 28 ni wachache, na hakuna doli hata moja kwenye kisa hicho.

"Basi wewe endelea na panya wako," akasema, "mimi nitaendelea kumpeleka mtoni. Akikanyaga mchanga anatulia."

3 Machi: Vita

Panya watatu wana vidonda mgongoni na kwenye mkia, wote weusi, wote Masaki, kizimba kimoja. Daktari alinipigia saa 12 asubuhi.

Kosa ni langu. Nilikuwa nabadilisha vitu Jumanne na Ijumaa, na siku hizo hizo nasafisha kizimba chote. Dume la panya huweka alama ya harufu yake kila mahali. Nilipofuta harufu yote na kupanga upya nyumba kwa wakati mmoja, nilikuwa nimewaamsha majirani wanne kwenye mtaa usio na mwenyewe, kila mmoja akadai kiwanja. Kijumba chenye mlango mmoja kilizidisha ugomvi: anayeingia kwanza anakaa mlangoni kama mlinzi, na aliyekwama ndani hana pa kutokea.

Niliyobadilisha siku hiyo hiyo:

Vijumba vyote sasa vina milango miwili. Usafi na ubadilishaji wa vitu haviangukii siku moja. Vitu viwili tu hubadilishwa kwa mara, si vyote. Na kiota cha zamani huhamishwa pamoja nao kwenda kizimba kisafi, maana watafiti wa Utrecht walishaonyesha kuwa kuhamisha matandiko ya kiota hupunguza ugomvi wa madume. Maranda yenye mkojo hayahamishwi, hayo huchochea.

Mbabe mmoja tulimtenga. Hesabu imebaki 31. Wiki iliyofuata hapakuwa na kidonda kipya.

18 Machi: Uzi na gurudumu

Niliwapa Masaki pamba ya kujengea kiota. Siku ya tano panya mmoja alikuwa anavuta mguu: uzi wa pamba umemzunguka kifundoni, mguu umevimba. Tuliukata kwa mkasi mdogo chini ya darubini, akapona. Pamba yote ikatolewa. Sasa tunatumia karatasi iliyokatwa vipande virefu vyenye mikunjo, gramu 8 kwa kizimba. Wanaijenga kuba kabisa, limefunikwa hadi juu.

Hapo kamati ya chuo inayosimamia ustawi wa wanyama wa maabara ikauliza swali ambalo sikulitegemea: kwa nini Manzese hawana karatasi? Vyumba vya maabara huwa nyuzijoto 20 hadi 24, na panya mdogo angependa karibu 30. Bila kiota analala akiwa baridi. Nilitaka kujibu kuwa ndiyo "hali ya kawaida". Wakanijibu kuwa baridi si hali ya kawaida ya mtu yeyote. Gramu 8 zikaingia Manzese pia. Mara ya pili hiyo.

Gurudumu nalo limeondoka. Kwanza lilikuwa linalia. Sauti niliyoisikia mimi ilikuwa ndogo, lakini panya husikia juu kabisa ya uwezo wa sikio letu, na hatujui walikuwa wanasikia nini usiku kucha. Pili, Henriette van Praag na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kukimbia peke yake kunatosha kuongeza seli mpya za hipokampasi. Nikiliacha gurudumu, siwezi kusema ni kizimba au ni mbio. Tatu, BTBR wawili walikuwa hawashuki. Nilitaka kupunguza tabia ya kujirudia, nikawapa mashine ya kuifanyia. Kuna watakaosema gurudumu ni ugonjwa wa kizimba tu, na kwao nina jibu zuri: watafiti wa Leiden waliweka gurudumu nje, porini, mwaka 2014 wakaripoti panya mwitu wanakuja wenyewe kukimbia. Hata hivyo kwangu limetoka. Magurudumu manne, dola 112, yako kabatini. Jumla ya matumizi yangu sasa ni dola 283.

9 Aprili: Gololi

Jaribio la kwanza la tabia. Unajaza maranda sentimita 5, unapanga juu yake gololi 20, unamwacha panya dakika 30, kisha unahesabu zilizofukiwa. Iliyofunikwa theluthi mbili inahesabika. Kufukia sana huchukuliwa kama alama ya kurudiarudia.

Masaki walifukia chache sana, hata BTBR. Nilitoka chumbani natabasamu. Jioni mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetusaidia akaniuliza kwa upole, "Kaka, hizi si ndizo gololi tulizowawekea kwenye vizimba mwezi uliopita?"

Ndizo. Mwezi Machi niliwawekea Masaki gololi tatu tatu kama vitu vya kuchezea, kutoka mfuko ule ule.

Usiku nilijitetea. Kuna kazi ya mwaka 2009 iliyosema kuwa panya hafukii gololi kwa sababu anaiogopa au ni ngeni. Anachimba tu, na gololi inazama. Kwa hoja hiyo, kuzizoea kusingebadilisha kitu. Nikalala nimetulia. Asubuhi utetezi wenyewe ukanigeuka. Kama jaribio linapima kuchimba, basi shida yangu si gololi, ni maranda. Masaki walikuwa na maranda ya kina kirefu tangu siku ya kwanza, wamechimba wiki saba. Manzese walikuwa na maranda ya kufunika sakafu tu. Nilipowaweka juu ya sentimita 5 walikuwa kama watoto waliopelekwa ufukweni mara ya kwanza. Bila shaka watachimba.

Data yote ya gololi imefutwa. Kundi lijalo, maranda ni kina kile kile kwa wote. Mara ya tatu.

15 Aprili: Vyumba vitatu

Jaribio hili, la kupima kama panya anavutiwa na mwenzake, lilienda vizuri kuliko nilivyostahili. Boksi lina vyumba vitatu: katikati panya wako, upande mmoja panya mgeni chini ya kikombe cha nyaya, upande wa pili kikombe kitupu. Dakika 10 za kuzoea, dakika 10 za jaribio. Linahusishwa na Jacqueline Crawley na wenzake, tangu 2004, na kila mtu analitumia.

Mawili tu ya kukumbuka. Panya wa Masaki hupanda. Wiki nane za ngazi zimewafanya wakwezi, na wanne walikaa juu ya kikombe cha mgeni karibu muda wote. Kompyuta ikahesabu kuwa "wanashirikiana". Walikuwa wanaangalia mandhari. Tumeweka gilasi nzito iliyogeuzwa juu ya kila kikombe, na video tunazipitia kwa macho tukihesabu kunusa tu, si kuwa karibu.

La pili: mgeni naye afundishwe kukaa chini ya kikombe siku kadhaa kabla. Mgeni wetu wa kwanza alitafuna nyaya kwa kelele, na nani angemkaribia?

28 Aprili: Masaki na Manzese wanaaga

Kujilamba tunapima hivi: panya peke yake kwenye boksi tupu dakika 20, kumi za kwanza za kuzoea, kumi za mwisho mtu anashika saa na kuhesabu sekunde. Anayehesabu hatakiwi kujua panya katoka kizimba gani.

Video nilizipa majina MS-01, MZ-01 na kuendelea. Nilimpa mwenzangu kutoka Mombasa, aliye idara jirani, azihesabu. Baada ya video sita akanitumia ujumbe: "MS ni Masaki, siyo? Hata mimi wa Mombasa najua nani tajiri hapo." Upofu wa jaribio ukaishia hapo. Video 31 zimebadilishwa majina kwa namba za nasibu na kupelekwa kwa mtu mwingine asiyejua hata Kiswahili. Siku tatu zimepotea.

Alipomaliza kunicheka aliongeza jambo lililoniuma zaidi. Alisema majina yalikuwa mabaya hata kabla ya kuvuja. Mtoto wa Manzese anashinda nje, ana wenzake ishirini, ana mtaro wa kuruka, matairi ya kusukuma, ukuta wa kuparamia. Mtoto wa Masaki, wa geti kali, ana midoli sanduku zima na anacheza peke yake. Kati yao nani yuko kwenye kizimba kilichoboreshwa? Sikuwa na jibu. Nimeyafuta majina yote mawili kwenye daftari. Kuanzia leo ni "kikubwa" na "cha kawaida".

Jambo jingine kuhusu jaribio hili. Boksi tupu kwa panya wa kizimba cha kawaida ni kama nyumbani. Kwa panya wa kizimba kikubwa ni kupokonywa kila kitu ghafla. Akijilamba humo, simjui kama ni tabia yake au ni kero ya kupokonywa. Tumeongeza kamera ya usiku kwenye vizimba vyenyewe, maana panya ni wa usiku na sisi tulikuwa tunawapima mchana wakiwa na usingizi. Kamera hizo haziwezi kuficha kizimba ni kipi, kwa hiyo tumekubaliana zitumike kuona kama tabia inatokea nyumbani pia, si kutolea hukumu.

12 Mei: Mtakwimu

Nilienda kwake na jedwali la panya 31 nikiwa na furaha. Aliniuliza swali moja: "Una vizimba vingapi?"

Vinane. Aina mbili za panya, hali mbili. Yaani vizimba viwili kwa kila kundi.

"Basi una mbili mbili," akasema. "Si nane nane."

Nilibisha kwa nusu saa. Lakini ni kweli. Mazingira nilikipa kizimba, sikumpa panya mmoja mmoja. Wanne wa kizimba kimoja wanashiriki ugomvi ule ule, mbabe yule yule, rafu ile ile karibu na taa. Kizimba kile kilichopigana mwezi Machi peke yake kilikuwa nusu ya kundi zima la weusi wa kizimba kikubwa. Nilijiona mjinga. Nikakumbuka kazi ya John Crabbe na wenzake ya mwaka 1999: maabara tatu, Portland, Albany na Edmonton, zilitumia panya wa jeni zile zile, vifaa vile vile, hata saa zile zile, na bado baadhi ya matokeo yakatofautiana. Kama jiji linaweza kubadilisha tabia ya panya, rafu ya karibu na taa inashindwaje?

Matokeo ya jaribio la awali sitayaandika hapa wala popote. Yametufundisha namna ya kujenga kizimba, basi.

2 Juni: Mpango mpya, na mtego wa mwisho

Nilikuja na wazo nililoliona la kifundi: niweke BTBR mmoja na mweusi mmoja kwenye kila kizimba. Hapo naweza kulinganisha aina mbili ndani ya kizimba kimoja, na idadi ya vizimba inapungua nusu. Rangi ya tumbo inanitambulishia nani ni nani. Profesa alipenda, hadi tuliposoma tena kazi ya Mu Yang, Crawley na wenzao ya mwaka 2011. Waliwaweka BTBR waliotoka kuachishwa kunyonya pamoja na weusi, na BTBR hao wakaja kuwa wachangamfu zaidi kwa panya wageni. Mwenzake kizimbani ndiye aliyekuwa dawa, au sehemu ya dawa. Nikiwachanganya, hata kizimba cha kawaida kitakuwa kimeboreshwa kwa kitu kisichonunuliwa dukani. Wazo limekufa.

Kwa hiyo tunakwenda njia ndefu: vizimba 10 kwa kila kundi, makundi manne, vizimba 40, panya wawili wawili wa jinsia moja na tumbo moja, madume na majike. Tunazalisha wenyewe ili kuepuka msukosuko wa safari katika wiki ileile wanayoachishwa. Watazaliwa kwa awamu, na kila awamu itakuwa na makundi yote manne. Nafasi kwenye rafu zinagawiwa kwa bahati nasibu.

Chuo hutoza dola 1.10 kwa siku kwa kizimba kidogo na 2.20 kwa kikubwa. Wiki 8 ni siku 56. Vidogo 20 ni dola 1,232, vikubwa 20 ni dola 2,464, jumla 3,696 kabla sijanunua hata kipande cha karatasi. Jaribio la awali la panya wengi kwenye vizimba vichache lilikuwa rahisi zaidi, na sasa naelewa kwa nini wengi hulifanya hivyo.

Nilipoandika orodha ya vilivyomo nikaona kitu. Cha kawaida sasa kina bomba, kiota cha gramu 8, maranda ya kina kirefu, mwenzake wa tumbo moja. Kikubwa kilichobaki nacho peke yake ni nafasi, ngazi, kijumba cha milango miwili, na mabadiliko ya vitu viwili kila mara. Profesa aliuliza kama sijaibomoa tofauti niliyotaka kuipima. Huenda tofauti itakuwa ndogo. Lakini angalau nitajua inaitwaje, na kizimba cha kulinganisha hakitakuwa chumba cha baridi kisicho na kitu.

16 Julai: Awamu ya kwanza

Mimba ya panya ni kama siku 20, na kunyonya siku 21. Wiki hii tumewaachisha wa kwanza: vizimba 12, vitatu kwa kila kundi. Mama wawili wa BTBR walipoteza watoto wote siku za mwanzo, mmoja baada ya ujenzi wa ghorofa ya juu kuanza na nyundo zake. Tumeiomba ofisi ya majengo ratiba, tumepata nusu yake.

Matumizi yangu mapya: karatasi za kiota dola 74, ngazi za aspeni bure, mabomba 28 ya nyongeza kwa dola 252. Jumla tangu Januari, bila panya na bila kodi ya vizimba, dola 609, na kati ya hizo 63 za manunuzi ya kwanza na 112 za magurudumu zilikwenda na maji.

Vizimba vina namba za nasibu tu. Orodha ya namba na makundi anayo mwenzangu wa Mombasa, kaifungia kwenye droo na ufunguo kauficha mahali ambapo hata mimi sijui. Anayehesabu video hajawahi kuingia chumba cha panya. Jana usiku kamera ilimwonyesha BTBR mmoja wa kizimba kikubwa akibeba karatasi zote za kiota, ukanda mmoja mmoja, kutoka kwenye kijumba hadi ndani ya bomba, akalijaza, mwenzake akabaki nje akimtazama. Nimeongeza bomba la pili kwenye vizimba vyote 12, vikubwa na vya kawaida. Ingizo lijalo ni baada ya majaribio ya wiki ya nane.